Wifi, Niangalie Jicho

Watu huwasha moshi kufukuza wadudu. Lakini yuko mdudu mmoja ambaye ukiwasha moshi umemkaribisha: pange mdogo wa msituni, mwenye madoa kwenye mabawa, anayeshinda juu ya miti na kushuka mchana akifuata harufu ya kuni. Sasa mtu ambaye kazi yake ni moshi afanyeje?

Mwanamke mmoja alichochea moto katika banda la kukaushia mpira. Wagema walileta utomvu, wenzao wakaugandisha na kuushindilia ukawa bapa kama mashuka meupe, naye akayaanika kwenye fito juu ya moto mpaka yakageuka rangi ya asali. Moto ukizidi yanaungua, ukipungua yanaota ukungu. Ilikuwa kazi ya mtu mmoja, mlango umefungwa. Shambani walimwita Bibi Moshi, naye akaitika, maana waliokuwa wakimwita kwa jina lake walikuwa wamekwisha. Mumewe alifariki. Binti yake wa pekee aliolewa mbali. Na wifi yake, dada wa marehemu, aliishi chumba cha pili, ukuta kwa ukuta, lakini hawakusemeshana tangu mazishi.

Siku ile wifi alimwambia mbele ya waombolezaji, "Ulikuwa na macho mawili, hukuona ndugu yangu anaumwa?" Marehemu alikuwa mtu wa kuficha homa, akiulizwa anasema ni uchovu tu, na hilo wifi alilijua vizuri. Ila neno likishatoka halirudi. Wakabaki kusikilizana kikohozi kupitia ukutani, kila mmoja akijua mwenzake kalala vipi, asiulize.

Pange walimuuma Bibi Moshi kila siku. Mbu angalau hudunga kistaarabu. Pange hukata ngozi kama anayechanja, kisha akalamba damu inayotoka. Anayeuma ni jike peke yake, anahitaji damu ili mayai yake yakue. Dume hunywa maji matamu ya maua wala hana habari na mtu. Bibi Moshi alijikuna, akaongeza kuni.

Baadaye mkono ukamvimba, ukanywea wenyewe, uvimbe ukatokea mkono wa pili. Halafu mchana mmoja alihisi kitu kinatambaa ndani ya jicho. Akakimbilia kipande cha kioo, akaona uzi mwembamba unajinyonganyonga juu ya weupe wa jicho lake, mpaka ukapotelea pembeni. Aligeuka amwonyeshe mtu. Hakukuwa na mtu.

Alikwenda zahanati jioni, baada ya kazi. Daktari akamulika jicho, akapima damu, hakuona kitu. Alirudi tena jioni nyingine, ikawa vilevile. Daktari akamwambia kwa upole kwamba wanaokaa peke yao huona mengi, akampa vidonge vya kuongeza nguvu. Habari zikamfikia msimamizi wa shamba, naye akasema hawezi kumwachia moto mtu anayeona nyuzi zinatembea. Daktari asipothibitisha ugonjwa kufikia mwisho wa mwezi, Bibi Moshi aende kwa binti yake, na chumba, kwa kuwa ni cha shamba, apewe mwingine.

Binti alipoelezwa kwenye simu alisema, "Njoo tu mama, tutabanana." Nyuma yake mkwe alisikika akiuliza nani huyo. Bibi Moshi akasema atafikiria.

Mwezi ukayoyoma. Jumapili moja, jua la utosi, kile kitu kikarudi jichoni. Alisimama mbele ya kioo akijua kwamba baada ya kitambo kidogo tu kile kitu kitakuwa kimepita, na ndani ya kitambo hicho mtu aliyekuwa karibu ni mmoja. Aliona heri aitwe mwendawazimu kuliko kubisha mlango ule. Kisha akaubisha.

"Wifi, niangalie jicho."

Wifi alimtazama kama mtu aliyetumwa kumdhihaki. Kisha akamshika kidevu, akamgeuzia kwenye mwanga, akalifunua jicho kwa kidole gumba. Tangu mumewe afe hakuna mtu aliyemgusa Bibi Moshi usoni. Mkono wa wifi ulinuka sabuni.

"Kinatembea," wifi akasema taratibu. "Nakiona, wifi. Kinatembea."

Bibi Moshi akaangua kilio.

"Usilie bwana, utakificha."

Wakaenda zahanati wameshikana mikono. Walipofika kitu kimeshapita, daktari akaanza tena maneno yake ya upole. Wifi akamkatiza. "Daktari, mimi na huyu hatusemeshani. Nisingekuja hapa juani kumsemea uongo. Nimekiona kwa macho yangu."

Ushahidi wa rafiki, daktari angeupuuza. Huu wa hasimu ulimshinda. Akatoa damu papo hapo, adhuhuri ile, na chini ya hadubini wakaonekana vijidudu wakichezacheza kama wako sokoni. Akaeleza, huku ameinamisha uso, kwamba pange huacha mnyoo kwenye kidonda anachokata, mnyoo hukua na kuzurura chini ya ngozi miaka na miaka, na watoto wake huja kwenye damu mchana, wakati pange wanauma. Jioni hujificha mapafuni. Akaomba radhi, akampeleka hospitali kubwa, ambako dawa hutolewa kwa uangalifu kwa sababu wadudu wengi wakifa kwa mpigo huweza kudhuru ubongo.

Alipona. Msimamizi akamrudisha kazini, akampa koti la mikono mirefu na wavu wa mlango. Jicho likatulia kabisa, na ukuta nao ukarudi palepale: huku kikohozi, kule kikohozi. Bibi Moshi alijionea aibu alipogundua kuwa anaukumbuka ule mnyoo.

Jumapili iliyofuata, saa zilezile, alibisha hodi.

"Kimerudi?" wifi akauliza.

"Niangalie tu."

Wifi akamshika kidevu, akamgeuzia kwenye mwanga. Akaangalia jicho lile, akaangalia hata la pili ambalo halikuwahi kuumwa.

"Hakuna kitu, wifi."

"Angalia vizuri."

Wifi akavuta kigoda kwa mguu, akamkalisha, naye akakaa mbele yake, wala hakukiachia kidevu.

"Haya, tulia basi," akasema. "Ngoja niangalie vizuri."