Springi Mpya za Maganga

Maganga wa Nyasubi hakuwa mtu wa makuu. Alikuwa na pikapu moja, mke mmoja na tela moja la magurudumu mawili, na vyote alivitunza. Mkewe, Mama Ritha, angenisikia nimemweka katikati ya pikapu na tela, ningekoma!

Kazi yake ilikuwa kubeba viroba vya mawe ya dhahabu kutoka mashimoni hadi kwenye karasha la Makoye, kule Segese, yakasagwe. Miaka ishirini na miwili alikuwa hajamgonga mtu, wala mbuzi, wala kuku. Kwa barabara zile, jamani, hilo ni jambo la kujisifia, naye alijisifia kweli kweli.

Siri yake ilikuwa vidole. Juu ya ekseli ya nyuma kuna kipande cha raba kinachozuia chuma kisigonge chuma. Wapakiaji wakishapandisha viroba, Maganga huinama na kuchomeka vidole vinne chini ya raba ile. Vikipita, ongeza. Vikibanwa, basi. "Vidole vimegoma!" wapakiaji walipiga kelele, na hapo hakuna aliyebisha, hata mwenye mawe.

Mwaka huu Makoye akaanza kulalamika kwamba karasha lake linakaa bure likisubiri mawe. "Baba Ritha, ongeza mzigo kwa safari moja, la sivyo natafuta mwenye Fuso." Maganga akapata kiwewe. Akakimbilia kwa Eustace, fundi springi, naye Eustace akamwongezea majani mawili ya springi kila upande na kumfungia shokapu mpya nene. Pikapu ikasimama mkia juu kama jogoo anayetaka ugomvi.

"Sasa vuta hata nyumba," alisema Eustace.

Nati za akiba za springi hizo aliziendea dukani kwa Jinal, binti anayeuza vipuri pale Kahama mjini. Jinal alimwamkia shikamoo vizuri, kisha akaharibu siku. "Springi zinabeba, Baba Ritha, hazisimamishi. Breki zako ni zilezile, na tela lako halina breki kabisa. Kila gari lina uzito wake wa kuvuta. Huo hauongezeki kwa springi."

Maganga alirudi kwa Eustace kichwa kimemvurugika. Eustace akacheka. "Huyo anauza breki. Ulitaka aseme nini?"

Kweli, aliwaza Maganga. Lakini Eustace naye anauza springi! Usiku mzima wakabishana kichwani mwake, na kila aliyesema alionekana ana haki. Asubuhi hakujua amwamini nani, akaenda kazini.

Kule mashimoni wapakiaji walijaza nyuma ya pikapu, wakajaza tela, wakasimama kumngoja. Maganga akainama. Vidole vinne vikapita. Akajaribu ngumi, nayo ikapita bila kugusa. Wakaongeza viroba, akainama tena, ngumi ikapita. Akabaki amechuchumaa pale. Zamani raba ilimwambia basi; sasa springi mpya zimeiinua, imenyamaza. Ni mzigo wa kutosha, au umeshapita? Hakuwahi kuhesabu viroba maisha yake yote, na wapakiaji walikuwa wakimtazama.

"Ongeza," alisema, kwa sauti ya mtu anayeuliza.

Njia ya tambarare gari lilikwenda vizuri hata akaanza kuimba. Kisha ukaja mteremko wa kwenda kwenye daraja dogo la kalvati. Chini, mzee mmoja alikuwa akivusha ng'ombe wake, barabara imejaa pembe. Maganga akakanyaga breki. Gari likasita, halafu tela likalisukuma kwa nyuma. Akakanyaga tena. Tela likaanza kuyumba huku na huku, usukani ukawa mwepesi mkononi, na ng'ombe wanakuja tu. Akakata kushoto, akaingia kwenye majaruba ya mpunga.

Hakuwa ameona kwamba kuna watu wanapandikiza.

Wanawake walitawanyika wakipiga mayowe. Mmoja, Mama Scolastika, aliteleza akaanguka chali. Tela likaja kando kando likilima tope, likasimama hatua moja kutoka miguuni pake.

Maganga alishuka, akamwinua, akampa pole mara kumi bila kujua anasema nini. Watu wakajaa. "Springi imekatika!" walisema. "Hizi za kuongezaongeza ndivyo zilivyo!"

Maganga aliposikia hivyo moyo ukamtua kidogo. Akaingia chini ya gari, tumbo kwenye maji, akaomba kwa dhati aikute imekatika. Alipapasa jani moja moja, upande huu na upande ule. Akapapasa tena. Akatoka taratibu.

Mama Scolastika alikuwa amekaa kwenye tuta, tope mpaka kwenye nywele, miche ya mpunga bado ameikumbatia.

"Imekatika?" aliuliza.

"Hapana, mama. Zote nzima."

"Sasa kilichotaka kuniua ni nini?"

Watu wote wakasogea wamsikie. Maganga alitazama pikapu, akatazama viroba vilivyomwagika majini, na kwa mara ya kwanza tangu jana hakuwa na Eustace na Jinal wa kuchagua kati yao.

"Ni mimi, mama," alisema. "Nilisema waongeze, na sikuwa najua."