Kikombe cha pasi

Nilipohamia mtaa wa Ngagara, familia nne za ua wetu zilitumia sola moja na batri zake. Kwenye msumari kando ya swichi kulikuwa na kikombe chekundu. Nilikinywea chai, nikakitia mfukoni, nikaenda kuzurura mtaa wa Musaga.

Sikujua kwamba anayetaka kupiga pasi hukichukua kwanza, na wengine humsubiri akirudishe, batri zisizidiwe. Niliporudi saa nane, jirani yetu mshonaji alikuwa amekaa na rundo la majoho ya kwaya yaliyotakiwa kanisani saa kumi. Alikuwa amesubiri tangu asubuhi, akiamini kuna mtu anapiga pasi. Nikakitoa kikombe.

"We! Kumbe ni we ulikunywa umeme yetu!" mshonaji akasema.

Mzee Mwarabu mwenye duka hapo uani alicheka, akazima friji yake ya soda. Wengine wakazima televisheni. "Sasa mupige pasi mbili pamoja," mzee akasema. Ya pili niliishika mimi. Saa kumi kasorobo majoho yakaondoka.

Jioni mzee aliniletea kikombe cha bluu. "Hii ni ya chai, mwanangu. Ile ingine uache kwenye musumari."

Nimelala nyumba nyingi. Hapo ndipo nilipopewa kikombe changu, na sijahama.