Jani la Isale Mkononi mwa Mdogo Wangu

Mdogo wangu alikuwa analewa saa sita mchana na kulevuka saa kumi na mbili jioni. Hivyo ndivyo nilivyoamini kwa muda mrefu, na ushahidi nilikuwa nao.

Asubuhi alishuka na akina mama wengine kwenda kwenye shamba letu la mpunga, upande wa Chekereni, akiwa mzima na anatania watu njia nzima. Jua likishapanda alianza kuyumba. Miguu ilipishana, maneno yakawa mazito mdomoni, jembe likamponyoka. Siku moja alianguka ndani ya jaruba, wenzake wakamtoa akiwa na matope mpaka kwenye nyusi. Lakini jioni gari likiwarudisha huku juu kwenye migomba, ukungu ukianza kushuka na baridi ikianza kuuma, alitembea vizuri tu, akakata majani ya ng'ombe, akapika kiburu cha ndizi na maharage, tukala. Wewe ungesema nini? Na mbege, pombe yetu ya ndizi, kule njiani inauzwa kila baada ya nyumba tatu.

Mama alidhani ni malaria. Alipimwa, hakukutwa nayo. Mimi sikuhitaji kipimo. Mimi ni fundi cherehani, nina chumba changu cha kazi Njoro, na tangu utoto najulikana kwa kusema ukweli hata pale nisipoulizwa. Jumapili moja baada ya ibada, nyumbani kwa mama, nilimkalisha mdogo wangu chini nikamwambia asitufanye wajinga.

"Dada, sinywi," alisema. "Kule chini mwili unanikataa. Nikipoa, unanirudia."

Nilicheka. Mambo mengi maishani mwangu nayajutia, lakini kicheko kile ningepewa nafasi ningekifuta kabla ya vyote.

Wakati huo alikuwa na mchumba, mwongozaji wa wageni mlimani, kijana mpole wa Bomang'ombe. Kwetu posa haiji kabla watu hawajauliza. Hawaulizi kwa wazazi, maana wazazi watamsifia binti yao. Wanauliza pembeni, kwa mtu asiyejua anaulizwa. Mimi nilijua mara tu mama mmoja alipoingia chumbani kwangu na kitenge kipya chini ya kwapa. Mtu hatoki Bomang'ombe mpaka Njoro kutafuta fundi, kana kwamba kwao hakuna cherehani.

"Shikamoo, shangazi," nilimwambia, ajue kwamba nimemtambua kuwa ni shangazi wa yule kijana.

Akaitikia, akacheka kidogo, akaacha nimpime. Nilipokuwa nampima mabega akasema, "Mwanangu, lisemwalo lipo. Huyu mdogo wako tunasikia ana tatizo. Wewe ndiye dada mkubwa, hutatudanganya."

Nilikuwa na futi mkononi. Ningeweza kusema sijui. Ningeweza kusema muulizeni mwenyewe. Nikasema, "Anakunywa. Nyumbani hanywi, ila akishuka shambani anakunywa." Nilijiona mtu wa haki. Nilijiambia kwamba nimemwokoa kijana wa watu, na labda aibu ingemfanya mdogo wangu aache.

Posa haikuja. Simu ya yule kijana ikawa haipokelewi, kisha haipatikani. Mdogo wangu alikaa siku nne hali chakula, akawa anazungukazunguka ndani ya kihamba cha baba, shamba letu la migomba, kama mtu aliyepoteza ufunguo. Shangazi hakurudi kuchukua gauni lake.

Msimu wa kahawa uliofuata, mama akaanza kulalamika kwamba binti yake anachuma ovyo, anachanganya mbichi na mbivu. Nilikuwepo siku hiyo. Mdogo wangu alisimama katikati ya mibuni, akaziba jicho moja kwa kiganja, akaliachia, akaziba la pili.

"Hili la kulia linaona nyekundu imepauka," alisema. "Kama nguo iliyofuliwa mara nyingi. Na nikilizungusha linauma."

"Sasa na jicho nalo limeanza kunywa," nilisema. Mama akanikata jicho, lakini hakunikemea.

Siku tatu baadaye jicho lile likawa giza, na ndipo nikaogopa. Nilimpeleka mwenyewe hospitali kubwa hapa Moshi. Kutoka kwa daktari wa macho tukapelekwa kwa daktari wa mishipa ya fahamu, mwanamke aliyekuwa na umri kama wa mdogo wangu. Akamgonga magoti kwa kinyundo, akamtembeza kwenye mstari, akampeleka kwenye picha ya kichwa na mgongo, akatoa maji ya uti wa mgongo. Majibu yalipotimia alituweka chini akatueleza taratibu. Ugonjwa unaitwa multiple sclerosis, wengi wanasema MS tu. Kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupigana na wadudu, inakosea na kushambulia ganda linalofunika mishipa ya fahamu. Ganda likichubuka, habari kutoka kwenye ubongo zinachelewa njiani au hazifiki kabisa. Ndiyo maana leo jicho, kesho mguu, kesho kutwa kibofu. Haukutokana na kosa alilofanya, na hauambukizi.

Kisha akamuuliza, "Hali huwa inazidi ukipatwa na joto?"

Mdogo wangu aligeuka akaniangalia mimi.

"Joto likipanda, mshipa uliochubuka unashindwa kazi," daktari aliendelea, hajui anachokifanya. "Mwili ukipoa, unarudi. Wagonjwa wengine huyumba mpaka watu wanawaita walevi."

Nilitoka nje. Nilisimama kwenye korido nikiwa nimeshika ukuta, nikalia mpaka mlinzi akaniuliza kama nimefiwa.

Alilazwa, akatundikiwa dawa kali kwa siku kadhaa, na jicho likarudi, si lote lakini likarudi. Daktari alitueleza wazi kwamba dawa ile inatuliza shambulio, haiponyi ugonjwa. Zipo nyingine za kuzuia mashambulizi yasije mara kwa mara. Hizo zikipatikana anatumia, zikikosekana tunasubiri na kuomba Mungu. Tulifundishwa mazoezi ya kunyoosha miguu. Tulifundishwa kulowanisha kitambaa na kumfunga shingoni siku za jua, na kumwacha apumzike kabla hajasema amechoka. Chekereni hakwenda tena. Aliunganishwa na kundi la wagonjwa wenzake kwenye simu, watu wa Dar, Mwanza, Mbeya, na humo ndimo nilimomsikia akicheka tena. Mara moja alinisomea ujumbe wa dereva mmoja aliyefukuzwa kazi kwa kusingiziwa pombe. Aliusoma wote kwa sauti, akaweka simu chini, akaomba chai.

Mimi sikusema neno. Mtu wa kusema ukweli hata asipoulizwa! Ukweli ule mmoja ukanikaa kooni mwaka mzima na zaidi. Nilimshonea magauni yasiyo na vifungo, kwa sababu vidole vilikuwa vimeanza kufa ganzi. Nilimpikia mtori, nikambeba mgongoni kumpeleka msalani. Nilifanya kila kitu isipokuwa kile kimoja. Shambulio jingine likaja, likaondoka na mikono yake, na safari hii dawa haikuirudisha.

Kwetu Uchagani, ukimkosea mtu kosa la kuvunja undugu, unampelekea jani la isale. Ndio mmea ule ule unaopandwa mpakani mwa kihamba. Aliyeletewa jani hakatai. Akilipokea kwa mkono wake, neno limekwisha. Jumamosi moja asubuhi nililikata mpakani, nikaingia alikokaa, kwenye kiti karibu na dirisha, nikapiga magoti. Nikamwambia habari ya shangazi, futi, kitenge, na maneno yangu kama nilivyoyasema. Kisha nikamwekea jani kiganjani.

Aliliangalia jani, kisha akaniangalia mimi.

"Nilijua," alisema. "Yule shangazi aliniambia mwenyewe, mwaka ule ule. Nilikuwa nakusubiri uje."

"Nisamehe, mdogo wangu."

"Umechelewa, dada. Ungekuja kabla ya masika, mikono ilikuwa bado inashika."

Jani lilikuwa limelala kiganjani mwake, vidole havijaligusa. Niliogopa litaanguka. Nikavichukua vidole vyake kimoja kimoja, nikavikunja juu ya jani, nikaufunika mkono wake kwa mikono yangu miwili. Aliukodolea lile jicho moja linaloona vizuri.

"Nimelipokea?" aliniuliza. "Niambie wewe, dada, maana mimi sisikii kitu."