Foronya kwenye Mdomo wa Bomba

Bibi Pasi, mkuu wa chumba cha kufulia katika nyumba ya wageni, alikuwa na ulimi uliomtangulia kila aendako. Mashine ya kukaushia ilipoanza kula saa tatu kwa kazi ya saa moja, na wageni wakalalamikia mashuka mabichi, hakungoja fundi. Alimwambia meneja kuwa wa kulaumiwa ni wifi yake, dada wa mumewe, aliyeisimamia mashine hiyo: mvivu wa kusafisha chujio linalonasa nyuzi za nguo, tena anashindilia nguo kama anayejaza gunia.

Wifi aliapa kwamba chujio analisafisha kila mzigo. Alisema hewa imezibwa mahali fulani, mashine haipumui. Bibi Pasi akamcheka mbele ya watu: tangu lini chuma kikaugua pumu? Basi wifi akapelekwa kusugua vyoo. Dawa ikamchuna vidole hata akawa anashika kijiko huku amekunja uso, na Bibi Pasi alikuwa akimwona kila jioni, maana walikula meza moja.

Wiki mbili baadaye nguo zilikuwa bado zinatoka moto lakini mbichi. Ndipo fundi akaitwa. Akachomoa chujio, safi. Akapima hita, inawaka vizuri. Akatoka nje hadi pale bomba la hewa linapotokezea ukutani, Bibi Pasi nyuma yake akiendelea kumsimulia uvivu wa wifi.

Mdomo wa bomba ulikuwa umefungwa foronya, imetuna kwa nyuzinyuzi za nguo kama mto wa kulalia.

Bibi Pasi akakatisha maneno. Foronya ile aliijua hadi fundo lake. Aliifunga mwenyewe miezi miwili nyuma, kwa kuwa nyuzi zilikuwa zinapeperukia benchi analokalia akinywa chai, kisha akasahau kabisa.

Meneja alipoonyeshwa alitikisa kichwa. "Ni wifi yako huyo. Afadhali tulimtoa."

Fundi akaifungua foronya, na Bibi Pasi akarudi kukunja nguo. Alinyamaza kwa mizigo mitatu, na yote mitatu ilikauka ndani ya saa moja moja. Kila alipokunja shuka kavu aliviona vile vidole. Mwishowe akaenda ofisini.

"Foronya niliifunga mimi. Wifi hana kosa."

Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole, na meneja hakumwambia.

Kesho yake wifi alirudishwa. Bibi Pasi akamwomba radhi pale pale mlangoni, mbele ya wale wale waliocheka. Wifi akasema yameisha, akaingia kazini. Mzigo wa kwanza ulipokwisha alichomoa chujio, akalisafisha taratibu kwa vidole vilivyopasuka, akaliinua penye mwanga.

"Wifi," akaita kwa upole, "njoo utazame."

Bibi Pasi akaenda kutazama. Siku nzima aliitwa hivyo, kila mzigo, na kila alipoitwa alikwenda.