Sanda ya Bibi

Nilipokuwa mtoto, kitu cha thamani kuliko vyote nyumbani kwetu Chumbageni kilikuwa sanda, na mwenye sanda alikuwa mzima wa afya, anakula na kugombeza. Alikuwa bibi yangu, mama yake baba. Ile ilikuwa miaka ya unga wa yanga, ule wa mahindi ya manjano, na foleni za sabuni, na kuna watu walizikwa kwa mashuka ya kitandani. Bibi akaapa kwamba yeye hatakwenda mbele ya Mola wake na shuka lenye maua. Akamwandama Bwana Gulamu, Mhindi wa duka la nguo, mpaka siku moja yule mzee akampitishia mlango wa nyuma mkunjo wa bafta nyeupe pe. Bibi akaulaza sandukuni pamoja na karafumaiti, akafunga, na ufunguo akautia kifuani.

Baba na mama walikuwa kwenye mashamba ya mkonge huko Muheza, nami nililelewa na Bibi pamoja na Shangazi Tatu. Shangazi alikuwa binti wa mwisho wa Bibi, ameachwa na mume akarudi kwao na mdomo wake wote. Yeye ndiye aliyenisuka nywele na kunifundisha kucheka. Siku moja Bibi alianika sanda yake uani, akakaa kando kuilinda na kunguru, na Shangazi akasema, "Mama, maiti avae jipya, mzima avae viraka? Hebu tuishone magauni tuvae Idi."

Nilicheka mpaka nikapaliwa. Bibi hakucheka, ila maneno yale aliyaweka.

Viraka ndivyo tulivyovaa kweli. Gauni langu la shule Bibi alilishona kwa uzi mweusi, maana ndio uliobaki nyumbani, na kila mshono aliumalizia kwa fundo nene kama punje ya pilipili manga. Shuleni wakaniita Pilipili, na mimi nililichukia lile fundo kuliko hesabu.

Basi ukaja msako wa wahujumu uchumi, walioficha bidhaa. Tukasikia mtaa wa Mabawa askari wanaingia nyumba kwa nyumba, na mwenye bidhaa asiyoweza kuieleza anachukuliwa. Watu walimwaga sukari baharini usiku, sukari ambayo watoto wao walikuwa wanaiota. Bibi alihangaika siku nzima, mara ndani mara uani, na jioni ile ile akashikwa na homa kali, akaweweseka hata akawa hanijui. Alipopona, kitu cha kwanza alitaka sanduku lake. Akalifungua, na bafta haimo.

Alikaa sakafuni akalia, na mimi nikalia naye. Kisha akajifuta macho, akasema itasomwa Halbadiri.

Kwa asiyejua, hiki ni kisomo cha kumshitaki mwizi kwa Mungu. Sisi tuliamini kwamba kikishasomwa, mwizi huvimba tumbo mpaka akiri. Msomaji alikuwa Mwalimu Kombo wa chuoni kwetu, aliyetufundisha Kurani, mtu mwenye tumbo lililomtangulia mlangoni. Akataka jogoo, ubani, na chai ya sukari. Sukari ilisumbua kupatikana kuliko mwizi mwenyewe.

Akasoma baada ya alasiri, mtaa mzima ukisikia. Kesho yake kila mtu alikuwa anajipapasa tumbo. Na ule unga wa yanga, jamani, ulikuwa unajaza tumbo la kila mtu! Jirani yetu mmoja alijifunga kanga kiunoni akakaza mpaka akazirai kwenye foleni. Sisi watoto, na minyoo yetu, tulionekana genge zima la wezi. Nami nilicheka na wenzangu, nikidhani ni mchezo.

Halafu likavimba tumbo la Shangazi Tatu.

Kwanza wakadhani mimba. Haikuwa mimba. Uso ulikuwa unanywea na macho yanakuwa ya manjano, huku tumbo likipanda. Ndipo Bibi akayatoa yale maneno aliyoyaweka: si alitaka kuishona magauni? Majirani wakatikisa vichwa. Shangazi akahamishiwa chumba cha uani peke yake, akatandikiwa godoro la sufi tulilowawekea wageni.

Aliomba apelekwe hospitali. Bibi akamjibu kwamba dawa haiingii kwenye tumbo la Halbadiri, akiri kwanza. Shangazi akaapa kwa jina la Mungu kwamba hakuigusa, na kila alipoapa walizidi kumwona sugu. Akalalamika kwamba godoro lina uvimbe, linamchoma mgongo. Bibi akasema mwenye hatia halali akapata raha. Nasema hivi nikijua Bibi alimpenda. Nilimwona akilia jikoni huku akimpikia uji. Lakini aliamini, na imani yake ilikuwa na nguvu kuliko mapenzi yake.

Nikamwendea Mwalimu Kombo. Nikamuuliza, kwa kuwa Mungu anamjua mwizi, basi na sanda anajua ilipo. Kwa nini asituambie tu ilipo, tukaifuata, Shangazi akapona? Nilidhani nimepata njia fupi ambayo wakubwa hawakuifikiria. Mwalimu akasema Mungu haulizwi, akanichapa bakora za miguu. Nikarudi nyumbani nikichechemea, na swali langu bado ninalo.

Mchana mmoja Shangazi akaniita. Nikaingia, nikamshikilia kikombe cha maji.

"Mishi," akasema, "nikisema ni mimi, watanipeleka hospitali?"

"Lakini si wewe, Shangazi."

"Sikukuuliza hivyo, mwanangu."

Nikamwambia ndiyo, watakupeleka, maana ndivyo Bibi alivyosema. Akaniagiza nikamwite Bibi na majirani. Wakajaa mlangoni. Shangazi Tatu, aliyekuwa haachi kitu bila kukitania, akasema polepole, "Mama, nilichukua mimi. Nimeuza. Nisamehe, nipelekeni kwa daktari." Bibi akamkumbatia, akamsamehe mbele ya watu, na watu wakamhimidi Mungu.

Ila ikaonekana kwamba Halbadiri haina budi iondolewe kwanza, na wa kuiondoa ni aliyeisoma. Mwalimu Kombo alikuwa amekwenda Pangani kwenye maulidi. Tukamngoja. Shangazi akawa anauliza kama gari limefika, akidhani ni gari la hospitali tunalongoja, na mimi nikawa natoka barabarani kuangalia, narudi kumwambia bado. Alikufa asubuhi ya Ijumaa. Wakasema ni bahati njema kufa Ijumaa. Mimi nilitaka kumtapikia aliyesema.

Sasa ikatakiwa sanda, na bafta haikuwapo. Bwana Gulamu alikuja mwenyewe kutoa pole, akasema dukani kwake hana hata leso. Wanawake wakaanza kutafuta shuka. Mwingine akatoa lile godoro la sufi lianikwe, na alipolikunja akahisi kitu kigumu katikati. Wakalipasua. Ikatoka bafta, nyeupe, imekunjwa vilevile, inanuka karafumaiti.

Shangazi alikuwa ameilalia muda wote ule.

Vigelegele msibani si adabu, lakini nusura vipigwe. Muujiza! Tatu ametubia, Mungu amemrudishia sanda avikwe. Alisema ameuza, na Mungu ameinunua. Habari ilifika Raskazone kabla jeneza halijatoka. Mwalimu Kombo aliporudi aliihadithia chuoni kana kwamba ni kazi yake.

Mimi sikuwa nasikiliza. Nilikuwa nimechutama penye godoro lililopasuliwa, naangalia mahali liliposhonwa pembeni. Uzi ulikuwa mweusi. Mwishoni palikuwa na fundo nene, kama punje ya pilipili manga. Nikainua macho, nikaona Bibi naye analiangalia. Akainama, akalikata kwa meno, akalitia mfukoni, akaenda kumwosha binti yake.

Baada ya hapo nilimfanyia Mungu mtihani. Niliswali bila udhu, makusudi, nikangoja nivimbe. Sikuvimba. Watu husema Halbadiri iliyosomewa asiye na hatia humrudia msomaji au aliyeisomesha, basi nikaanza kuyapima matumbo ya wakubwa kwa macho. La Mwalimu Kombo halikunisaidia, maana lilikuwa vile tangu zamani. La Bibi lilibaki bapa. Alizeeka taratibu, swala zote tano, funga zote, na kila mtu akimwita mcha Mungu. Nilimchukia miaka mingi, na chakula changu akinipikia yeye.

Ikaja enzi ya ruksa, biashara ikafunguliwa. Maduka yakajaa, bafta ikawa ya kuchagua, ya huku na ya nje, na hakuna aliyekuuliza unaipeleka wapi. Bibi naye akafikia siku zake. Nilikuwa nimeketi kitandani kwake, mtu mzima sasa, nikamuuliza kwa upole niliokuwa nimeuandaa miaka yote.

"Bibi, lile godoro alilishona nani?"

Akageuzia uso ukutani. Kisha akasema, "Alikiri mwenyewe, mjukuu wangu. Si alikiri mwenyewe? Wewe si ulikuwepo?"

Nikamwambia ndiyo, Bibi, nilikuwepo. Akanishika mkono. Sikuwa na moyo wa kuongeza neno, na mpaka leo sijui kama nilimhurumia au nilimwadhibu. Alifariki wiki ile ile.

Bafta yake nilitumwa kuinunua mimi. Kijana wa dukani akauliza akate kiasi gani, nikamwambia akate ya watu wawili. Bibi nikamvika ya kwanza. Ya pili ni yangu. Bado naswali, na kwa udhu, ingawa lile swali la chuoni huwa nalirudia kila nikimaliza, na sijajibiwa. Sanda yangu iko juu ya kabati, haikufungiwa wala kufunikwa. Kila mgeni anayelala kwangu namwonesha ilipo kabla sijamwonesha choo. Wananiona nina wazimu.