Tope la Chuma la Masanja

Nakumbuka, mwanangu, harufu ya mafuta ya kula yaliyochanganywa na unga wa chuma. Wenzangu wakikumbuka ujana hukumbuka ngoma na sikukuu. Mimi hukumbuka tope jeusi ndani ya kopo la maziwa, na wivu.

Tulikuwa kidato cha tatu hapa Ifakara, kwetu sisi Wandamba wa mtoni. Rafiki yangu Masanja, kijana wa Kisukuma ambaye baba yake alihamia bondeni na ng'ombe, alikuwa akizoa unga wa chuma kwa fundi wa mageti. Aliuchanganya na mafuta akapata uji mweusi unaotiririka kama uji wowote. Akiusogezea sumaku ya spika mbovu, unaganda papo hapo. Akiiondoa, unalegea. Darasa zima lilimzunguka. Hata Zuhura, binti wa mwenye duka, aliyezoea kucheka utani wangu, sasa alicheka wa Masanja. Hasidi hana sababu, walisema wazee, lakini mimi niliziona zangu nyingi.

Mwalimu wa fizikia alitangaza kwamba kazi itakayopendeza siku ya wazazi itapelekwa kwenye maonyesho Morogoro. Kazi yangu mimi ilikuwa pampu ya chupa, nayo ilivuja. Ila nilikuwa na siri. Nililichezea tope lile mchana mmoja nikajua linapoachia: ukilitia kati ya vibati viwili na sumaku chini, kisha ukavuta kibati cha juu pembeni, hakichelewi kuteleza. Nikapanga nisimame mbele za wazazi, nivute, nicheke.

Siku ikafika. Kabla sijainuka, Masanja akaniita mwenyewe.

"Wewe Mndamba, njoo uvute hiki kibati. Vuta tu, hakiumi kama mamba wenu!"

Wazazi wakacheka. Nikavuta. Kikateleza.

"Mmeona? Likivutwa pembeni linaachia mapema. Sasa ndugu yangu, likandamize."

Nikakandamiza kwa viganja viwili na hasira zangu zote. Kadiri nilivyobana ndivyo lilivyokazana. Kisha akalitia kwenye bomba la sindano lisilo na sindano, sumaku ubavuni. Tope likagoma mdomoni, mpaka aliposukuma kwa nguvu ndipo likatoka kidogo kidogo.

"Tope ni lilelile," akasema. "Nguvu yake inategemea unalijia vipi."

Silaha yangu ilikuwa imetoka kinywani mwake. Wivu, mwanangu, huuma zaidi pale mwenzako anapokuwa hana cha kuficha.

Akachaguliwa. Mwalimu akasema aende na msaidizi, maana kwa kazi ile mikono ya mtu mmoja haitoshi. Masanja hakusita.

"Twende wote. Wewe utashika sumaku."

Nikamjibu siwezi, Bibi ananihitaji shambani Michenga nikaamie ndege wasile mpunga.

Bibi mwenyewe alikuwa nyuma yangu, amekuja badala ya mama. Hakunisuta mbele za watu. Tulipokuwa njiani ndipo akasimama.

"Mume wangu," akaniita, kama bibi zetu wanavyotutania, "ni ndege gani hao? Mpunga si tumeshavuna, uko ghalani?"

Nikajaribu kumpita.

"Basi ndege yuko hapa." Akanigonga kifuani kwa kidole. "Huyo ukimfuga atamaliza shamba lote. Rudi ukamwambie mwenzio utakwenda."

Sikurudi. Aliyekwenda kushika sumaku ni Zuhura.

Tangu hapo nimetanga sana. Mlimba nimekaa, Masagati nimelima, nikachoka, nikahama tena. Kivukoni nimevuka mto kwa pantoni mpaka likajengwa daraja. Majuzi nikamkuta Masanja palepale darajani, ananunua kambale. Akanikumbatia mbele ya wavuvi. Akaniambia siku hizi mafuta ya namna ile yamo kwenye shokapu za magari ya bei kubwa, yanalegea na kukaza yenyewe kufuata barabara. Simu yake ikalia. "Mama watoto," akasema. "Zuhura anauliza samaki." Nikacheka naye, na ndege wangu akadonoa.

Kwa hiyo nisikilize, mwanangu. Kila mtu ana upande anaoachia mapema na upande anaosimama imara. Usimchunguze mwenzako ili ujue pa kumtelezesha. Mpe kazi ya upande anaoweza kubeba. Na ukiitwa kushika sumaku ya mwenzako, shika. Sikuambii usione wivu, maana wangu mimi haujanitoka hadi leo. Moyo haupokei amri. Mikono inapokea. Iamuru.

Mungu akupe rafiki wa kukuita mbele za watu, na siku atakapokuita, akupe miguu ya kuinuka.