Nilivyomruka mke wangu mjamzito njia ya Ruhengeri

Wakuu, za mchana. Hii sijawahi kuisimulia maana inanidhalilisha mwenyewe, kwa hiyo sina faida ya kudanganya.

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa nimerudi kutoka Tanzania, nimepanga Mbugangari, Gisenyi, huku Rwanda. Mke wangu, Mkatoliki mzaliwa wa Goma, alikuwa na mimba ya miezi tisa, mtoto kakaa vibaya. Daktari akasema lazima akapasuliwe Ruhengeri.

Barabara ile kipindi hicho, acha tu. Magari yalikuwa yanapigwa risasi na waasi mchana kweupe. Niliogopa, lakini ningefanyaje?

Tukapata teksi. Mbele akakaa jirani yetu mlokole, mzee Ezekieli. Kwenye buti akaweka jerikani. Nikamuuliza lina nini, akasema maji ya maombi.

Kabla ya kuondoka ukazuka ubishi wa nani aombe. Mimi Muislamu nikasoma dua, mke wangu akashika rozari, Ezekieli akakemea mapepo mpaka dereva akachoka akawasha gari. Nikajisemea, full protection.

Kwenye kona za milimani, nyuma yetu kikalia kishindo. PAAA!

Dereva akafunga breki akakimbia. Ezekieli naye. Na mimi, wakuu, nikamruka mke wangu aliyekaa upande wa mlango, nikatumbukia mtaroni. Hata shahada nilisahau.

 Halafu nikamsikia mke wangu kutoka garini, taratibu kabisa: "Bon, haya, rudi. Ni pombe."

Kweli, ilikuwa pombe ya ndizi. Ezekieli alikuwa anaenda kumposea kijana wake, na ukweni huendi bila pombe. Ikiwa bado inachacha, kifuniko huachwa kimelegea. Yeye alikikaza tusije tukanusa tukamsema kanisani kwake, gesi ikajaa, jerikani likapasuka.

Tukapoteza kama robo saa tukifuta gari. Mbele kidogo askari wakatusimamisha. Gari lililotutangulia lilikuwa limetoka kushambuliwa.



Mtoto alizaliwa salama. Ezekieli alisema Mungu katumia pombe, dereva akasema bahati tu. Mimi miaka yote nilijisifia imani ya mke wangu, alivyotulia siku ile.

Juzi nikamwambia hivyo. Akacheka.

"Imani gani? Mi pia nilitaka kuruka, tumbo ikakataa. Nikakunyooshea mukono. We ukaukanyaga."

Nimejifunza kwamba dua ni nzuri, ila kwanza mshike aliye pembeni yako.

Haya, mnaoniona mwoga semeni, nimekaa hapa nasoma. Lakini na nyie mseme ukweli, mngeruka au mngebaki?